Nesi wa Dawa za Chini

Kabla ya kumuuliza mwanamke anaumwa nini, Nesi alimuuliza analala na nani chumbani, maji anayachota wapi, na nguo zake za ndani anazianika wapi. Ukishamjibu hayo ndipo anageukia rafu. Wageni walimwona mbea. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta pale Ngulyati miaka kumi na moja, yeye na duka lake la dawa, mimi na cherehani yangu barazani, na nilichelewa kuelewa kwamba maswali yale ndiyo yalikuwa kipimo chake. Hakuwa na kipimo kingine. Hilo ndilo lililokuja kutuumiza.

Alikuwa mstaafu wa zahanati, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana na sauti nene. Mikono yake aliinawa mno mpaka ngozi ya vidole ikawa imepauka. Sijawahi kusikia mtu akimwita kwa jina. Hata mchungaji wetu kanisani alisema, "Nesi atatuongoza kwa sala." Watu wote aliwasalimia kwa Kisukuma, mwangaluka asubuhi, mwadila mchana, lakini ikifika kwenye ugonjwa alihamia Kiswahili papo hapo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa Kisukuma maneno haya yanakuwa matusi, fundi. Kwa Kiswahili yanakuwa dawa."

Dawa za chini ndivyo wanawake walivyoziita: dawa za kuweka ukeni, za fangasi, za muwasho, za uchafu unaotoka usiouelewa. Walizinunua wakiwa wamegeuzia barabara mgongo. Nesi alizijua dawa zenyewe, lakini zaidi alijua kila mwanamke ataikubali ipi na kuitupa ipi. Kuna krimu ya kwenye tyubu, inayokuja na kibomba chake cha plastiki. Hiyo inatuliza upesi, na walioungua na muwasho waliipenda kwa siku mbili. Siku ya tatu wanaichukia, maana inalowanisha, inaacha doa kwenye kitenge, na kibomba kinataka kuoshwa kwa maji safi. Wakati wa kuchuma pamba, mwanamke anatoka nyumbani alfajiri na kidumu kimoja cha maji ya kunywa. Atakiosha wapi kibomba? Kuna vidonge vigumu kama chaki, vya kuchomeka. Hivyo wasichana walivipenda kwa sababu ni vikavu na vinafichika kwenye pindo la kanga, lakini kwa mama aliyekoma hedhi havikuyeyuka, vilitoka vipandevipande, naye akarudi akilia kwamba mwili wake umekataa dawa. Na kuna vile laini vyenye umbo la yai dogo, vinavyoteleza na kuisha bila kuacha unga. Hivyo vilipendwa kuliko vyote. Ubaya wake, kwenye nyumba ya bati isiyo na dari vinayeyuka vyenyewe kabla hujavitumia. Nesi aliwafundisha kuvifunga kwenye nailoni na kuvilaza kwenye mchanga mbichi, pembeni mwa mtungi wa maji.

"Daktari anachagua dawa ya ugonjwa," alikuwa akisema. "Mimi nachagua dawa ambayo huyu mama ataiweka kweli. Dawa iliyobaki kwenye boksi haijamtibu mtu."

Alikuwa na subira na woga wa watu. Bi harusi mmoja mdogo alikataa kabisa dawa ya kuchomeka, akisema itapanda mpaka kwenye moyo. Nesi hakumcheka. Alitoka dukani, akaja barazani kwangu bila hodi, akachukua mkono wa blauzi niliokuwa nimetoka kuushona.

"Fundi, nizibie huku mwisho."

Nikaziba. Akatumbukiza kidonge ndani, akautikisa ule mkono mbele ya binti. "Umeona? Ni mfuko. Umefungwa huku juu. Hakiendi popote, kinakaa hapa kinafanya kazi yake." Binti akautazama ule mkono wa blauzi, akauchukua, akaingiza vidole mwenyewe mpaka kwenye mshono, akacheka. Mwenye blauzi ilibidi asubiri wiki nzima, maana kitambaa kiliisha na Nesi aligoma kuurudisha. Aliutundika kwenye msumari dukani na kuufundishia miaka yote.

Si kila kitu kilikwisha kwa kicheko. Mwanamume mmoja, mkulima wa huko nyuma ya shule, alikuja siku moja na kibomba cha krimu mkononi, amekishika kwa jani kama aliyeshika mjusi. Alikikuta chini ya godoro.

"Hiki kidude ni cha nini? Mke wangu anajifanyia nini?"

Nesi akamkaribisha kiti. Akamweleza kwa upole kwamba ugonjwa wenyewe unapita kwa watu wawili, kwamba yeye naye anapaswa kutibiwa, na hapohapo akampa vidonge vya kumeza na kikombe cha maji, akamsimamia mpaka akameza. Tulisifu. Mimi nilisema Nesi amemweza. Siku ya nne yule mke akaja, shavu moja limevimba, kanga ameivuta mpaka kwenye jicho.

"Nipe cha kumeza, Nesi," akasema. "Cha kumeza hakuna atakayekikuta."

Kisha akaondoka nacho ameshakitia mdomoni. Nesi alibaki amesimama, mikono juu ya meza ya kioo. Tangu siku ile, kibomba hakikutoka dukani kwake kabla hajajua mwanamke atakificha wapi. Akaongeza swali hilo kwenye maswali yake: utaficha wapi? Wanawake walimjibu: kwenye unga, kwenye kiatu cha mtoto, kwenye Biblia ya mama mkwe. Nilizisikia zile siri zote kupitia ukutani huku nikikanyaga cherehani, na nakiri zilinifurahisha. Nilidhani tunaishi karibu na mwanamke anayewakomboa wenzake. Sikufikiri kwamba mtu akijua sana kuficha, anaweza kuficha na kitu kisichopaswa kufichwa.

Kulikuwa na mteja mmoja wa Lamadi, kando ya ziwa, mchuuzi wa samaki. Alikuja kila mwezi, basi mpaka Bariadi, bodaboda mpaka kwetu, njia yote hiyo ili anunue dawa mahali ambapo hakuna anayemjua. Mama mnene, mcheshi, mwenye shanga nyekundu kiunoni zilizoonekana akiinama. Alivipenda vile vidonge laini, akasema vinaisha kama havijawahi kuwepo. Mume wake alikuwa mvuvi, mara yuko, mara hayuko. Maji ya ziwa alikuwa nayo mlangoni. Nguo za ndani alizianika chini ya gauni. Alijibu yote vizuri, na Nesi akampa alichokitaka.

Mwezi uliofuata akampa tena, na uliofuata tena. Siku moja nilimsikia akisema, "Nesi, kuuza samaki kuna faida yake. Nikinuka hakuna anayejua kama ni mzigo au ni mimi." Wakacheka wote wawili. Na mimi nilicheka upande wangu, pini zikiwa mdomoni. Mpaka leo kicheko kile kinanirudia nikiwa nafua, nikiwa njiani, popote.

Baadaye akaanza kukaa kwenye benchi kwa upande mmoja. Akalalamika mgongo. Shanga zikalegea kiunoni. Akaja amevaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na jua lilikuwa kali siku hiyo.

"Hivi havina nguvu tena," akamwambia Nesi. "Sasa vinatoka na damu kidogo. Huna kingine?"

Nesi akampa krimu. Mwezi uliofuata akampa vidonge vigumu. Alibadilisha umbo la dawa, maswali hakuyabadilisha. Sisemi hivyo kumhukumu, aliyasema mwenyewe baadaye kwa maneno hayohayo.

Kisha mchuuzi hakuja. Miezi ikapita, mpaka tukamsahau, au mimi nilimsahau. Akaja mwanamke mwingine, mwembamba, na boksi la vidonge laini ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa wifi yake yule mchuuzi.

"Mwenyewe alisema nivirudishe," akasema. "Havikufunguliwa. Alisema apewe mwingine mwenye shida."

"Yeye amepona?" Nesi akauliza.

"Tulimzika wiki iliyopita. Mwanza walisema ni kansa ya shingo ya kizazi. Walisema angekuja mapema."

Nesi alilipokea lile boksi kwa mikono miwili. Alimsindikiza wifi mpaka barabarani, akamsimamishia bodaboda, akarudi, akafunga duka mchana kweupe. Kupitia ukutani sikusikia kilio. Nilisikia maji. Alikuwa ananawa mikono, beseni baada ya beseni, na hakuwa amemgusa mtu.

Alipofungua tena, duka lilikuwa na sheria mpya. Anayekuja na tatizo lilelile mara ya pili hauziwi. Anaandikiwa karatasi aende kituo cha afya akapimwe kizazi, na asipoonyesha majibu haondoki na kitu, awe analia, awe anatukana. "Hapa si gulio," alisema. "Huchagui tena." Wanawake wakamkimbia. Walisema amezeeka vibaya, wengine wakasema yule marehemu wa Lamadi amemwachia kitu kibaya. Walihamia maduka ya Bariadi mjini, ambako ukionyesha boksi la zamani unapewa jipya bila kuulizwa jina. Asubuhi nyingine sikusikia sauti yoyote ng'ambo ya ukuta mpaka saa sita.

Kati ya waliomkimbia nami nilikuwemo.

Nilikuwa na uchafu unaokuja na kuondoka, na matone ya damu baada ya kukutana na mume wangu. Vidonge laini vilinisaidia mara ya kwanza. Niliporudi, nilidhani jirani hawezi kuninyima.

"Karatasi hii," akasema Nesi. "Nenda kesho."

"Nesi, nina sare za shule ishirini za kumaliza. Nipe vile vya juzi, nitaenda nikipata nafasi."

"Sikupi."

"Miaka yote hii tunakula sahani moja, leo unaninyima dawa?"

"Nakunyima."

Nilipandisha sauti. Nilimwambia kwamba anaadhibu watu wazima kwa sababu ya marehemu mmoja. Nilimwambia, Mungu anisamehe, kwamba aliyemuua anamjua mwenyewe. Watu wawili waliokuwa wanasubiri wakatoka nje. Nesi aliikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa aproni yangu, kwenye chaki na futi.

"Nichukie," akasema. "Lakini nichukie ukiwa mzima."

Nilienda Bariadi nikanunua krimu. Niliitumia wiki tatu, na damu ikaongezeka. Wakati huo tulikuwa hatusalimiani. Aliposema mwangaluka niliitikia nikitazama sindano. Kilichonipeleka kituo cha afya hakikuwa hekima, ni woga: niliamka asubuhi moja nikasikia harufu kwenye shuka, nikaufikiria ule mzigo wa samaki. Kule walinipima kwa kunipaka siki kwenye shingo ya kizazi. Muuguzi kijana, binti mmoja, alinionyesha kwenye kioo kidogo sehemu iliyobadilika rangi kuwa nyeupe, akasema bado ni mapema, haijawa kansa, wataichoma leoleo. Ilikuwa kazi fupi. Maumivu yake ni kama ya hedhi mbaya. Niliporudia kupimwa walikuta pamekuwa safi.

Nilimwendea Nesi na kuku na kilo mbili za mchele. Nilipiga magoti. Yeye aliuliza kitu kimoja tu.

"Nani alikupima?"

Nikamtajia yule binti.

"Huyo nilimfundisha mimi kushika mkasi," akasema. "Ana mikono baridi."

"Na wewe, Nesi? Umeshapima?"

Akacheka ile sauti yake nene. "Mimi nimeshakoma, fundi. Kwangu kulishafungwa zamani." Na mimi nikacheka naye, mara ya pili katika maisha yangu kucheka mahali pasipostahili. Muuguzi aliyefanya kazi miaka thelathini anajua vizuri kwamba hakufungwi. Na mimi nilikuwa nimetoka kukaa kwenye benchi la kituo na mabibi wawili wa umri wake, wote wamekuja kupimwa.

Hapo ndipo penye fumbo lake ambalo sikulitazama vizuri. Mwanamke huyu aliyeuliza watu wazima wanaanika wapi chupi zao, hakuna aliyewahi kuiona yake kwenye kamba. Alianikia ndani. Bafu lake la bati lililoko nyuma ya nyumba lilikuwa na makomeo mawili. Alipougua malaria alijichoma sindano mwenyewe pajani kuliko kumwita mtu. Wanawake wa kwaya walipobadilisha sare vestri, kile chumba cha kuvalia kanisani, yeye alifika ameshavaa tayari kutoka nyumbani. Alitufungua sote kama vitabu, na mwenyewe hakukubali afunguliwe hata ukurasa mmoja.

Aliliuza duka. Alisema ni miguu, haiwezi tena kusimama. Alihamia Bariadi kwenye vyumba viwili vya mpwa wake, karibu na maghala ya pamba, na tukaagana barabarani kama watu watakaoonana kesho. Ulipita karibu mwaka. Nilimpigia simu mara kwa mara, naye alijibu kwa sauti ileile, "Mhola, fundi, mhola tu." Salama, salama tu.

Nilimkuta siku nilipokwenda mjini kununua bitana. Mpwa wake alinifungulia mlango, akanielekeza chumba cha ndani. Madirisha yote yalikuwa wazi. Udi ulikuwa unafukizwa mchana. Chini ya ule udi nilikutana na harufu ile, nikaijua kabla sijasema shikamoo.

Nesi alikuwa ameketi kitandani, upande mmoja.

"Umeshajua," akasema. "Kaa pale kwenye mlango, hewa ni nzuri zaidi."

Sikukaa mlangoni. Nilikaa kitandani kwake. Mabega yale mapana yalikuwa yamebaki mifupa, gauni linaning'inia kama lililotundikwa. Kwenye kiti pembeni kulikuwa na maboksi: tyubu ya krimu iliyokunjwa mpaka mwisho, vidonge vigumu, vidonge laini kwenye bakuli la maji baridi.

"Nimejaribu vyote," akasema. "Nilikuwa nabadilisha, kama wao. Kikichosha hiki nahamia kile. Naamka asubuhi najiambia hiki kimenikubali."

"Kwa nini, Nesi? Wewe?"

Nje watu walikuwa wanapakia marobota ya pamba, wakipigiana kelele.

"Kila anayepima huku nimemfundisha mimi," akasema. "Wananiita mayu, mama yao. Nilale pale, nimpanulie miguu mtoto niliyemfundisha kuvaa glovu, anione nimeoza? Nilifikiri nitakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao nikafikiri vilevile."

"Ilianza lini?"

"Mwaka na nusu."

"Twende Mwanza. Huko hakuna anayekujua."

"Jumatatu," akasema upesi, na nikajua alikuwa anasubiri mtu amwambie.

Jumatatu tulipanda basi la asubuhi. Nilimtandikia kitenge kilichokunjwa chini yake, nikamshika mkono kila tulipopita tuta. Lamadi basi lilisimama, wachuuzi wakaja madirishani na sinia za samaki. Nesi alijifunika uso kwa mtandio mpaka tulipoondoka. Mwanamke wa kiti cha mbele aligeuka mara mbili, kisha akahama.

Mwisho wake nitausema hapa, maana hauna maneno mengi. Walisema imefika mbali. Walimpa mionzi, akapata nafuu, hata akarudi kuimba Jumapili mbili. Alikufa wakati pamba inachumwa. Gauni la kuzikwa nilimshonea mimi, na nilipompima, vipimo vya zamani vilikuwa havina kazi tena.

Lakini ninapomkumbuka sianzii kaburini. Ninakumbuka chumba kile cha kupimia kule Mwanza, siku ile ya kwanza. Muuguzi alikuwa msichana, labda miaka ishirini na tano, ana daftari na kalamu ya bluu.

"Bibi, umekuwa ukitumia dawa gani?"

Nesi alinitazama. "Mjibu wewe, fundi."

Nikazitaja. Krimu, halafu vidonge vigumu, halafu vile laini.

"Kwa muda gani?"

"Mwaka na nusu," nikasema.

Msichana akaanza kuandika. Nesi akanyoosha mkono, ule mkono uliopauka, akaufunika ule wenye kalamu.

"Futa," akasema. "Andika miaka mitatu. Na uandike kwamba damu ilianza mwaka wa kwanza, na kwamba nilijua."

Miaka mitatu. Siku aliyonikunjia karatasi akaniwekea mfukoni, yeye mwenyewe alikuwa anavuja damu. Nilisimama nitoke nje, kwa sababu msichana alikuwa tayari anavuta pazia na kuvaa glovu, na nilijua jinsi Nesi alivyo.

"Usitoke," akasema. Alikuwa anafungua kitenge kiunoni, polepole, fundo lilikuwa limekaza. "Kaa hapo hapo. Wanawake wa Ngulyati wakikuuliza, waambie uliniona nikipanda."

Akapanda kitandani mwenyewe, bila kushikwa.